Zamu ya Nyanchoka

Wimbo ndio uliomwamsha Nyanchoka, na wimbo wenyewe ulikuwa ukitoka katikati ya chai yake.

Alilala akiusikiliza, macho bado amefumba, akiitambua kila sauti iliyokuwamo. Ile nzito ya kukokota ilikuwa ya Bathsheba, mkubwa wa egesangio, ambaye hata akimwimbia Mungu husikika kama anamtuma dukani. Ile nyembamba ya kupanda juu ilikuwa ya Edinah, jirani wa ng'ambo ya kijito. Waliimba polepole, wimbo wa kanisani wa kumtuliza mtu.

"Baba Sharon," akamwita mumewe. "Leo ni zamu ya nani?"

Abner alikuwa ukingoni mwa kitanda akifunga viatu vyake vya kazi. Yeye ni fundi wa mawe, mtu wa maneno machache, na yale machache huyapima kwa uzi kabla ya kuyaweka.

"Nadhani ni ya Edinah."

"Basi mbona wako kwetu?"

Abner akaifungua kamba ya kiatu na kuifunga upya.

Egesangio, kwa asiyeijua, ni mikono inayokopeshana. Wanawake wa nyumba jirani huchuma kwa mmoja leo, kwa mwingine kesho, mpaka zamu izunguke irudi ilikoanzia. Hakuna mshahara. Malipo yako ni kwamba wewe nawe utaamka siku yako uwakute wamefika. Kitu hiki kimelitangulia kanisa, kimekitangulia kiwanda, na yule mkoloni aliyewakataza babu zetu kuipanda chai hii hii alikikuta kipo na akakiacha kipo. Kina sheria moja ambayo haikuandikwa popote: hamwendi kwa mtu siku isiyo yake, ila kwenye nyumba ya msiba. Ukiwasikia wanawake shambani mwako siku isiyo yako, geuka utazame, kuna jeneza sebuleni.

Nyanchoka alitazama. Hapakuwa na jeneza. Palikuwa na meza, redio, picha ya binti yao Sharon aliyeko Nairobi, na Abner na kiatu chake.

"Kumbe maiti ni mimi," akasema. "Niinue."

Kumwinua asubuhi si jambo la mara moja. Vidole vyake vililala juu ya blanketi vimevimba na kukakamaa, kama ndizi zilizokatwa kabla ya kukomaa. Magoti yalikuwa hivyo hivyo. Kijijini walisema ni baridi ya kijito, kufua sana. Daktari wa Kisii mjini alisema hapana, ni baridi yabisi ya aina ile ambayo askari wa mwili, waliowekwa kukulinda, wanakugeukia wewe mwenye nyumba na kukupiga. "Nimekuelewa, daktari," Nyanchoka alimjibu siku ile. "Kama polisi wetu." Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwandikia vidonge vya kumezwa mara moja kwa wiki, ambavyo hospitali ya serikali huwa navyo mwezi huu na mwezi ujao haina.

Lakini ugonjwa huu ulikuwa na saa zake, na Nyanchoka alizijua kama mtu anavyozijua tabia za mkwe mkorofi. Asubuhi ulikuwa wake wote. Jua likipanda, ulianza kumwachia kidole kimoja kimoja. Adhuhuri ikipita, alikuwa mtu kama watu: aliweza kushika kisu, kumenya ndizi, kutwanga. Tatizo ni kwamba chai huchumwa asubuhi.

Abner alimwingiza mikono kwenye gauni lisilo na vifungo, akamvisha gambuti, akamfunga kitambaa cha kichwa kwa lile fundo analofungia miti ya jukwaa.

"Umenifunga kama nyumba ya ghorofa."

"Hilo halianguki," Abner akasema.

"Fungua mlango. Kabla hawajamaliza mistari ya juu."

*

Walipomwona anateremka, mkono mmoja ukiegemea ua, wimbo ulikatika sauti moja baada ya nyingine. Ya Bathsheba ndiyo iliyonyamaza mwisho.

"Bwakire, mong'ina," Edinah akasema, macho chini.

"Bwakire. Nani amefariki?"

"Ashindwe!" Bathsheba akasema. "Hakuna aliyefariki, Mama Sharon. Tumekuja kukusaidia tu. Rudi ndani, umande huu utakumaliza."

"Kunisaidia siku ya Edinah?"

Bathsheba alikishusha kikapu mgongoni. Ni mwanamke mpana, amelea watoto wake na wa dada yake, na hakuna nyumba kati ya pale na Ikonge ambayo hajaipelekea uji wakati wa taabu. "Tulikaa jana," akasema. "Tukasema, huyu dada yetu ameteseka ya kutosha. Juzi kwangu ulifika jua likiwa juu, ukachuma kiganja kimoja ukakaa. Hatukukusema. Ni nani anaweza kumsema mgonjwa? Kwa hivyo tukaonelea wewe upumzike. Zamu yako tumempa Nyangate, bibi ya kijana wa shemeji yako Haron. Lakini hatukutupi! Mara moja moja tutakuja hivi, bure, kwa upendo. Na jina lako nimelipeleka kanisani, liombewe."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mmoja alishapangusa machozi. Walikuwa wamejiandaa kumwona akilia kwa shukrani, na uso wake mkavu uliwatia wasiwasi.

Mara moja moja. Nyanchoka aliyageuza maneno hayo mdomoni. Kila mmoja aliyesimama pale alijua kwamba chai haijui mara moja moja. Usipoirudia wiki hata wiki, jani linakomaa, linakuwa gumu kama ngozi, na karani wa kituo cha kupimia majani analitupa mtaroni mbele ya watu. Baada ya hapo mti unanyoosha shingo, na shamba linakuwa kichaka cha kufugia nyoka.

"Kazi hii mliyofanya nitawarudishia," akasema.

"Kwa mikono gani?"

Bathsheba hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza mvua itanyesha au haitanyesha. Na kwa kuwa hakukuwa na ubaya, hapakuwa na mahali pa kumshika. Adui akikutukana unamrudishia. Lakini watu wanaokupenda, wamesimama kwenye umande wako tangu alfajiri wakikuzika kwa nyimbo nzuri, hao unawafanya nini?

"Wekeni vikapu chini," Nyanchoka akasema.

"Mama Sharon..." Bathsheba akaanza.

"Chini, Mama Ashley. Yaliyochumwa nitayapeleka kituoni mwenyewe mchana. Yaliyobaki yaacheni mtini. Mmenifanyia nusu ya asubuhi, na mimi nina deni lenu la nusu ya asubuhi, nalikubali mbele ya wote. Sikuomba sadaka. Siku nikiomba mtanisikia, sauti ninayo."

"Kiburi ni dhambi," Bathsheba akasema, sasa amekasirika kidogo.

"Nitatubu Jumamosi."

Walipanda kijia, wakaelekea kwa Edinah ambako walipaswa kuwa tangu mwanzo. Nyanchoka alibaki amesimama hadi wa mwisho alipopotea. Kisha akakaa chini, kwenye matope, kwa sababu magoti yalikuwa yamechoka kusubiri.

*

Siku hiyo Abner hakwenda kazini. Adhuhuri alikuwa jikoni, mikono ya shati ameikunja, anasonga obokima, ugali wa wimbi. Kazi hiyo inataka viganja viwili vilivyo hai, na tangu mwaka jana ilikuwa yake. Aliifanya mlango ukiwa umerudishwa, kwa maana katika nchi yetu mwanamume akishika mwiko habari hufika sokoni kabla ya chakula kuiva.

Mlango ukasukumwa bila hodi. Alikuwa Haron, kaka mkubwa wa Abner, mzee wa kanisa na mwenye duka la mbolea Ikonge. Aliona mwiko. Aliona ni nani ameushika. Akatoka tena nje, akakohoa kwa nguvu, akangoja, akaingia upya kama ndiyo mara ya kwanza, ili kumpa mdogo wake nafasi ya kujiokoa.

Abner hakujiokoa. Aliendelea kusonga.

"Anakula vizuri?" Haron akamuuliza, akionyesha kwa kidevu kona alikokaa Nyanchoka.

"Anakula," Nyanchoka akajibu. "Na masikio pia yanafanya kazi, shemeji. Karibu kiti."

Haron aliketi, akazungumza na Abner. Alisema amesikia mambo ya asubuhi. Alisema ni huzuni. Alisema yeye kama mkubwa hawezi kuona chai ya baba yao ikigeuka msitu, hivyo yuko tayari kuikodi miaka miwili, mke wa kijana wake aichume, na kila mwezi watapata kitu cha sukari na cha dawa.

"Na mimi nitafanya nini hiyo miaka miwili?" Nyanchoka akauliza.

"Utapumzika, shemeji." Sasa ndipo alipomtazama, kwa upole, kama mtu anavyotazama ng'ombe aliyezeeka ambaye zamani alitoa maziwa. "Abner, fikiria. Egesangio wamemtoa. Utaajiri watu? Watakula majani yote na wewe ubaki na risiti."

Abner aliupakua ule obokima, akaulainisha mgongo kwa maji, akauweka mezani. "Nitakujibu Jumapili," akasema.

Haron alipoondoka walikula. Hatimaye Nyanchoka akauliza, "Ulijua kwamba wanakuja asubuhi?"

"Haron aliniambia jana. Nilidhani utafurahi."

"Na hii ya kukodi?"

"Hiyo imenikuta kama wewe." Abner alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mimi niko kwa mawe wiki nzima, Mama Sharon. Siwezi kuchuma na kujenga. Na nimechoka kukuona ukishindana na chai kila asubuhi kama mnagombania mume. Ukinionyesha njia nyingine, nitamwambia Haron aende. Lakini unionyeshe. Usinipe tu hasira."

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa hasira ndiyo aliyokuwa nayo, na ilikuwa nyingi, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

*

Kituo cha majani ni banda la mabati lenye meza ndefu za mbao na mizani inayoning'inia. Abner alimbebea magunia hadi pale, akarudi. Wanawake wa egesangio walikuwa wamekwisha fika na majani ya Edinah na machache waliyochuma kwao. Walimsalimia Nyanchoka kwa sauti ya kanisani. Bathsheba alimsogezea jiwe akae.

"Lori?" mtu akauliza.

"Limekwama upande wa Nyaramba," karani akasema bila kuinua macho kwenye simu. Jana lilikuwa limekwama. Juzi dereva alikuwa hajapewa mafuta. Lori la kiwanda lina sababu kama mahubiri yalivyo na mafungu.

Basi wakangoja. Hii ndiyo sehemu ambayo haisemwi kwenye redio wanaposifu chai yetu. Jani likishachumwa linaanza kupumua ndani ya gunia, linapata joto, linaungua, na jani lililoungua hakuna anayelinunua. Ni lazima ulimwage mezani, uligeuze, ulipepee, ulilinde kama mtoto mwenye homa. Wakati huo ng'ombe nyumbani hajakamuliwa, mahindi hayajapaliliwa, mtoto analia. Kiwanda hakijawahi kulipia saa hizo. Bibi zetu walizingoja, mama zetu wakazingoja, nasi tumezoea mpaka tunaziona kama hali ya hewa.

Nyanchoka alikuwa akigeuza majani yake. Jua lilikuwa limempiga vizuri mgongoni, na vidole vilikunjuka, vikakunjika, vikatii. Aliligeuza fungu lote bila kufikiri, kisha akaligeuza la Edinah lililokuwa kando. Alipoinua kichwa alimwona Edinah amesimama mlangoni mwa banda, maziwa yamelowesha blauzi, anatazama njia ya kwao ambako kitoto chake cha miezi michache kilikuwa na nyanya yake.

"Nenda ukamnyonyeshe," Nyanchoka akamwambia.

"Na lori likija?"

"Litanikuta. Nipe hiyo kadi yako ya namba, nikupimishie."

Edinah alimtazama yule mwanamke waliyemhurumia asubuhi. Maziwa yakaamua. Alitoa kadi, akakimbia.

Hapo ndipo Nyanchoka alipoona, na aliona kwa ghafla, kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo ulio mkononi. Akawatazama wenzake mmoja mmoja: walivyochoka, walivyosinzia, wanavyopiga miayo mwili ukiwa umetumika wote tangu umande. Mwili wake ndio kwanza ulikuwa umeamka.

"Mama Ashley," akasema, "ng'ombe wako anakamuliwa saa ngapi?"

"Sasa."

"Nenda. Niachie."

Bathsheba akacheka. "Majani yangu hayapimwi na mgonjwa."

"Basi kaa. Ng'ombe atajikamua."

Bathsheba akakaa.

Lori lilifika jua likianza kulala. Karani akageuka mtu wa haraka. Alitundika gunia la kwanza, akasoma, akasema, "Natoa kilo mbili za maji." La pili, kilo mbili. Watu waliguna kama walivyoguna wiki iliyopita, na walivyoguna mwaka uliopita. Zamu ya gunia la Edinah ikafika.

"Mbili za maji."

"Maji gani?" Nyanchoka akauliza. "Leo haijanyesha. Au unapima jasho?"

"Mama, mwenye namba hii yuko wapi?"

"Ananyonyesha. Mimi ndiye nimesimama."

"Basi usicheleweshe lori."

"Lori ndilo lililotuchelewesha."

Watu wakacheka. Karani, ambaye alikuwa wa umri wa Sharon na asiyezoea kuchekwa, alinyoosha mkono kulivuta gunia jingine. Nyanchoka akalikalia. Alijishusha polepole, kwa uangalifu, kama malkia anayejua kiti chake kina mguu mbovu.

"Inuka, mama."

"Siwezi. Muulize daktari wa Kisii, viungo vyangu vimeoza. Mkinivuta nitavunjika. Nikivunjika, wewe kijana ndiye utanipeleka hospitali, unishike na nikienda choo."

Banda lote lilipasuka kwa kicheko, hata dereva alicheka, akiwa ametoa kichwa dirishani. Karani aliangalia huku na huku. Hakuna kitabu cha kiwanda kilichomfundisha afanye nini na mwanamke asiyeweza kuinuliwa. Mwishowe akasema kwa hasira kwamba leo atatoa kilo moja moja, kwa wote, na wasimzoee.

Kilo moja bado ni wizi. Lakini watu walishika njia wakiwa wamesimama wima kidogo.

"Kelele unazo," Bathsheba akamwambia njiani, akitembea polepole ili amngoje, huku akijifanya hamngoji.

"Kelele hazivimbi," Nyanchoka akasema.

*

Mwili ulimdai siku ya pili. Ijumaa hakuinuka kabisa. Hakuweza kushika kikombe, Abner alimnywesha chai kama kifaranga, na maandalio ya Sabato yalifanywa nusu. Alilala akitazama mabati, akilifikiria lile banda, na hakujidanganya. Alikosea mahali pawili: alisimama muda mrefu na alibeba magunia hadi kwenye mizani. Alipanga namna ya kutokosea tena. Hasira ilikuwepo bado, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

Jumamosi alienda kanisani. Aliketi benchi la tatu, na akiwa pale pale, mzee wa zamu akasimama kusoma majina ya wagonjwa. "Na dada yetu Nyanchoka," akasoma, "aliyelemewa kitandani, asiyeweza tena kazi yoyote."

Vichwa viligeuka. Nyanchoka aliinua mkono wenye vidole vilivyopinda.

"Niko hapa, mzee. Endelea tu."

Baada ya chakula cha mchana, wanawake walipoketi kwenye nyasi nyuma ya kanisa, aliwafuata.

"Nina neno kuhusu egesangio."

"Sabato hatuongei kazi," Bathsheba akasema.

"Ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutamtoa?"

"Nani ng'ombe?"

"Mimi. Na shimo mlichimba nyinyi Alhamisi."

Edinah alicheka kwanza, kisha akajifunika mdomo. Bathsheba akamwonyesha mahali pa kukaa.

Nyanchoka alisema alichokuja nacho. Wao wachume asubuhi, pamoja na chai yake. Yeye hataonekana asubuhi, wasimngoje. Mchana watamfikishia magunia yote kituoni, na kuanzia hapo ni yake: wao waende kwao. "Sibebi, na sisimami, nitakuja na kiti changu. Lakini ninangoja, ninageuza, ninapima, ninagombana. Jumapili msinitafute, ni siku ya kutapika dawa."

"Egesangio ni migongo inayoinama pamoja," Bathsheba akasema. Hakuwa na utani tena. "Ndivyo tulivyoikuta. Leo wewe unachagua saa yako. Kesho Edinah atasema yeye hapendi umande. Mwingine atasema mgongo. Itabaki nini?"

Lilikuwa swali la haki.

"Tulivyoikuta, Mama Ashley, hakukuwa na mizani. Bibi zetu walipalilia wimbi, wakimaliza wanaenda nyumbani. Hawakungoja lori la mtu. Huku kungoja tumeletewa, na hatujawahi kukuita kazi, kwa sababu wenye kiwanda hawakuiti kazi. Tunachuma kwa zamu lakini tunangoja kila mtu peke yake, wote, kila siku, kama wajinga. Mimi nasema hiyo ni kazi. Nipeni iwe zamu yangu."

Mtu nyuma akasema taratibu, "Ni ukweli, jamani. Kungoja ndiko kunaniua."

"Na siku ukishindwa kuamka?" Bathsheba akauliza. "Maana utashindwa. Jana uliamka?"

"Jana sikuamka. Siku hiyo mtangoja wenyewe kama zamani, na itakuwa deni langu. Ulipojifungua Ashley tulikaa bila wewe tangu mvua hadi kiangazi. Uliporudi ulikuwa na mtoto mgongoni na unachuma nusu. Kuna mtu alikwambia upumzike milele?"

Bathsheba aling'oa unyasi, akautafuna. Alikuwa mtu wa kusaidia watu, na haikuwa rahisi kwake kuona msaada wake umelala pale kwenye nyasi kama mzigo ambao hakuna aliyetaka kuubeba.

"Na Nyangate? Tumeshamwambia."

"Aingie pia. Anipe mimi kadi yake ya namba kama wengine."

Walitazamana. Edinah akasema yeye amekubali, tena yeye alishakubali tangu Alhamisi, hata kama hakuna aliyemuuliza. Mwingine akasema ndiyo. Bathsheba aliutema ule unyasi.

"Tuanzie kwangu Jumatatu. Na majani yangu yakiungua, Mama Sharon, nitakuvua hicho kitambaa mbele ya karani."

"Jaribu. Kimefungwa na fundi."

*

Jumapili Nyanchoka alikuwa amelala na ndoo kando ya kitanda. Alimsikia Haron uani akisema alivyosema, kisha jibu la mumewe, lililopimwa.

"Chai ina mwenyewe, kaka," Abner akasema.

"Nani? Huyo mgonjwa?"

"Mgonjwa, ndiyo. Na ana kazi kesho, usimpigie kelele."

*

Jumatatu lori lilikuja likiwa limechelewa kuliko siku zote. Nyanchoka alikaa kitini pake mbele ya meza sita za majani, akazigeuza kwa zamu, akanywa uji aliofungiwa na Abner, akagombana na karani kuhusu maji, akapata alichopata. Giza lilikuwa likiingia alipolipitia boma la Bathsheba kurudisha magunia matupu na risiti. Aliviacha mlangoni kwa Ashley, binti wa nyumba, akashika njia. Nyonga iliuma. Kesho ingeuma zaidi, na kesho kutwa ilikuwa zamu ya shamba lake.

Alikuwa amefika kijitoni sauti ilipoporomoka mlimani nyuma yake.

"Weee, Mama Sharon! Gunia langu jipya liko wapi? Umeniachia hili la Edinah lenye tundu la panya!"

Nyanchoka akasimama. Tangu ugonjwa umwingie hakuna mwanamke wa kijiji kile aliyempazia sauti. Walimnong'oneza, walimwimbia, walimwombea.

"Mwanamke gani hajui kuangalia kitu cha mtu!" Bathsheba aliendelea, na mbwa wa boma tatu wakaanza kumsaidia. "Kazi gani hiyo! Kama umeshindwa sema!"

Nyanchoka aligeuka, akashika kiuno chake kibovu, akajaza kifua.

"Hilo la panya ndilo lako!" akapiga kelele ambayo ilivuka kijito na kupanda mlima wa pili. "Jipya ni la Edinah! Kamuulize mwenyewe, si una miguu? Na kesho uniamkie na uji, maneno yako yamenikausha koo!"